Hakutoka Damu

Naanza na bega langu la kushoto, kwa sababu ndilo lililosema ukweli siku ile, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bega linaweza kutoa habari za tumbo. Kama umegongwa na kitu kizito, ukainuka, ukajipangusa, na baadaye bega la kushoto likaanza kuuma ilhali halikuguswa, usiende kulala. Usikubali kunyweshwa maziwa. Usikubali kukandwa. Nenda mahali penye mashine ya kuona ndani ya mwili. Mengine yote nitakayoandika ni maelezo ya hayo tu, na kama huna nafasi unaweza kuishia hapa.

Nilikuwa nauza githeri na chapati Mukuru kwa Reuben, kando ya ukuta wa godauni moja, mahali ambapo vibarua wa viwandani hupita kula mchana. Mume wangu, Wekesa, alikuwa kibarua kiwanda cha jirani, na saa ya chakula alikuja kunisaidia kugawa sahani. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha bila kupumzika. Ukuta ule ulikuwa umeinama tangu mwaka uliotangulia, na kila mtu alikuwa ameuona. Tuliuzoea mpaka tukaanza kuutania. Wekesa alikuwa akiupigapiga kwa kiganja na kuuambia, "Mzee, simama vizuri, watu wanakula."

Siku hiyo ukaanguka.

Sikumbuki sauti. Nakumbuka harufu ya githeri iliyomwagika kwenye matope, na ladha ya saruji mdomoni. Tofali moja lilinipasua kichwa juu ya sikio, na kipande kikubwa kikanibana mbavu za kushoto kwenye ukingo wa meza. Wekesa alipigwa kifuani na tumboni, akatupwa mtaroni. Alitoka mwenyewe. Alipangusa suruali, akaja kunitolea matofali huku akicheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea. Mimi nilikuwa nimelowa damu mpaka kiunoni. Kichwa hutoa damu nyingi hata kwa kidonda kidogo, jambo hilo nalijua sasa. Kila aliyefika alinitazama mimi. Yeye hakuwa na hata mkwaruzo.

"Baba Neema, wewe uko sawa?" mtu mmoja alimuuliza. Neema ni binti yetu.

"Mimi ni vumbi tu. Pelekeni huyu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Walinipakia nyuma ya pikapu ya muuza mkaa. Yeye alibaki kukusanya sufuria ili zisiibwe.

Nikiulizwa ni nini kilichonitia kinyaa zaidi katika ugonjwa wangu, nitasema ni benchi la kungojea. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na pale watu walipozoea kuketi rangi ilikuwa imetoka, pamebaki weusi wa mafuta ya miili. Upande mmoja wangu palikuwa na mzee aliyekuwa akitapikia mfuko wa plastiki. Upande wa pili palikuwa na kijana aliyeumia kidole, anakula samosa, na kila akitafuna alinitazama kichwani. Damu ilikuwa imekaukia kwenye nywele pamoja na saruji, imekuwa kama ukoko wa ugali. Nzi walikuja. Nilijaribu kuwafukuza na mkono wa kushoto, nikashindwa kuuinua.

Sista mmoja alininyoa upande mmoja wa kichwa, akaacha upande mwingine ulivyo. Daktari, mwanamke mdogo aliyeonekana hajalala, akaanza kunishona. Alikuwa akiniuliza maswali ya kawaida, nadhani ili nisisinzie.

"Tumbo linauma?"

"Hapana, daktari. Ni bega tu. Nafikiri nililala vibaya."

Sindano ikasimama. "Bega gani?"

Nilipomwonyesha, aliacha kichwa kikiwa kimeshonwa nusu. Aliita mashine ndogo ya magurudumu, yenye kioo kama cha televisheni. Akaipandisha nguo yangu, akanimwagia mafuta mazito ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chini ya mbavu. Alibonyeza kidogo tu, kama mtu anayepima kama embe limeiva. Nilitazama kioo. Palikuwa na kijivu, na katikati ya kijivu palikuwa na mstari mweusi.

"Huo weusi ni nini?"

"Ni damu, mama. Na haifai kuwa hapo."

Nimewaza sana juu ya mchana huo. Mimi na mume wangu, kila mmoja mahali pake, tulipakwa mafuta tumboni karibu saa ileile. Yangu yalikuwa ya baridi, ya kuonea. Nitakwambia yake yalikuwa ya nini.

Mashine ndogo ilionyesha kwamba kuna damu, lakini haikuonyesha inatoka wapi. Ilibidi nipelekwe kwenye ile kubwa, ya mviringo, inayopiga picha za mwili vipande vipande. Nilingoja kwenye korido nikiwa nimelala chali, nimekatazwa kuinuka. Ukilala chali unaona dari tu, na dari ile ilikuwa na madoa ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Watu walipita wakigonga kitanda na kuendelea na simu zao. Shemeji Timothy, mdogo wake Wekesa, alifika, akasimama miguuni pangu akizungusha kofia mikononi.

"Wekesa yuko wapi?"

"Amelala, shem. Amechoka."

Nilifurahi. Niliona ni vizuri apumzike.

Ndani ya chumba cha mashine kuna baridi. Wanakudunga dawa kwenye mshipa, na dawa hiyo inapita mwilini ikiwa moto, kooni, tumboni, halafu huko chini, mpaka unaamini umejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa. Nakueleza mapema ili usione aibu kama nilivyoona mimi. Sauti ya mtu asiyekuwepo inakwambia uvute pumzi na uishike. Kuvuta pumzi kulikuwa kama kukanyagwa ubavuni.

Baadaye daktari alinionyesha picha. Mwili wangu ulikuwa umekatwakatwa kwenye karatasi nyeusi inayong'aa, kipande baada ya kipande, mafuta pembeni, nyama ndani, mifupa myeupe. Nilichokiona ni mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu, kwenye ubao wa muuzaji. Wekesa aliipenda sana mutura, alikuwa akinunua jioni na kuileta ikiwa imefungwa gazetini. Tangu siku ile nikiisikia ikichomwa kando ya barabara, navuka upande wa pili.

"Hii ni bandama yako," daktari alisema, akiweka kidole upande wa kushoto chini ya mbavu. "Imepasuka hapa. Damu imeacha kutoka kwa kasi. Tukibahatika itajifunga yenyewe, hatutakupasua. Lakini lazima ulale kama jiwe. Usiinuke, usiinue kitu, usisafiri. Ikipasuka tena ukiwa njiani hatutakuwahi."

Asubuhi iliyofuata Shemeji Timothy alirudi na mchungaji, nami nikajua kabla hawajaketi.

Wekesa alikuwa amefika nyumbani akilalamika kwamba tumbo limejaa. Alimpigia simu mama yake, Kakamega, akamweleza kuhusu ukuta. Mama akamwuliza, "Umetoka damu?" Akasema hapana. Mama akasema hiyo ni damu imeganda ndani kidogo, aitwe Nyanya Rispa amkande. Nyanya Rispa ni jirani yetu. Hukanda watoto wachanga, akina mama wenye mimba na vijana walioumia mpirani. Nami amenikanda, na mkono wake ni mzuri. Alikuja na chupa yake ya mafuta, akayapasha moto, akamkanda Wekesa tumbo kwa viganja vyote viwili, akiisukuma ile damu ipate kutawanyika. Wakamnywesha maziwa. Akasema anaona usingizi. Kabla jua halijatua alikuwa amekwisha.

Waliompasua mochari walisema tumbo lilikuwa limejaa damu.

Sikulia. Kulia kunakaza tumbo, na nilikuwa nimekatazwa. Machozi yaliingia masikioni kwa sababu nilikuwa chali, yakakaa humo.

Kuhusu wodi sitasema mengi. Nilijisaidia kwenye beseni la chuma nikiwa nimelala, mbele ya watu, na wakati mwingine beseni lilisahauliwa chini ya kitanda mpaka chakula kikaletwa. Ubavu wangu ulikuwa mweusi, kisha ukawa zambarau, kisha rangi ya parachichi lililopita, na kila asubuhi niliutazama kama nyama ya mtu mwingine. Mtu aliyetumwa na mwenye godauni alileta unga na mafuta ya kupikia, akaviweka kifuani pangu ili avipige picha pamoja nami. Alipoondoka niliwaambia wavigawe. Sikutaka vikae karibu.

Jambo jema lilikuwa kitanda cha pili. Alilala Shiro, msichana wa Mathare aliyevunjika mguu kwa kugongwa na pikipiki. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa, na alikuwa hanyamazi. Alinishikia kikombe, akanifukuzia nzi kwa gazeti akiwa palepale kitandani.

"Mathe, wewe una bahati mbaya," aliniambia. "Mimi kila mtu anaona mguu, ananihurumia. Wewe ukisema unaumwa wanaona kichwa kimenyolewa upande mmoja, wanadhani ulitoroka kinyozi bila kulipa."

Nilicheka, ikauma, nikamwomba asirudie. Akarudia.

Maziko yalipangiwa Jumamosi, nyumbani kwao Kakamega. Siku mbili kabla, saa ya kuwaona wagonjwa, waliingia watatu: mama mkwe, aliyekuja kumchukua mwanawe mochari, Shemeji Timothy, na Nyanya Rispa na kikapu chake.

Mama mkwe alisimama akinitazama kutoka juu hadi chini. Kisha akafunua shuka, akanipandisha nguo mbele ya wodi nzima. Alikuwa akitafuta kidonda.

"Kimeshonwa wapi?"

"Sikupasuliwa, Mama. Kimepasuka ndani."

"Ndani wapi?"

Nilimwonyesha. Aliona weusi wa ngozi, akashusha nguo. "Hii ni kuvilia damu. Mimi nilipigwa teke na ng'ombe nikawa hivi, nikaenda kuchota maji."

"Mama, daktari amesema nisisafiri."

"Mjane hakosi kumzika mumewe. Nani atakaa kichwani pa jeneza? Watu watauliza nitawaambia nini, kwamba amelala hospitali na hana kidonda?" Akapunguza sauti, jambo lililonichoma zaidi. "Nilimwambia Wekesa watu wa kwenu Murang'a hawayajui haya mambo yetu. Akanicheka."

Shemeji Timothy akasema tutapata gari zuri, nitalala kiti cha nyuma, naweza kutia sahihi nijitoe mwenyewe. Alisema akitazama dirisha.

Wakati huo Nyanya Rispa alikuwa ameshatoa chupa. "Wacha nikulegeze kidogo ndiyo uweze kukaa kwa gari," alisema kwa upole, na kweli alikuwa mpole. "Hapa pamekaza kwa sababu damu imekaa vibaya. Nitaenda polepole, mtoto wangu."

Niliinusa ile harufu, mafuta ya nazi na mikaratusi. Ilikuwa harufu iliyokuwa mwilini mwa Wekesa alipokuwa akifa. Mkono wake uligusa tumbo langu ukiwa na joto. Niliushika kwenye kifundo, nikauondoa, nikageuza uso nikatapika kwenye mto.

"Nyanya, usiniguse."

"Lakini mimi ni Rispa."

"Najua. Usiniguse."

Shiro alikuwa ameshaanza kumwita sista kwa sauti. "Sista, kuna watu wanataka kumfanyia huyu mathe masaji." Sista akaja, akawatoa wote. Nyanya Rispa alikuwa akifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena, na nadhani ndipo alipoanza kuelewa, kwa sababu hajamkanda mtu tena tangu hapo. Sina chuki naye. Kinyaa na chuki si kitu kimoja. Mwili wangu ulikataa tu.

Mama mkwe aligeuka mlangoni. "Utakaa hapa unakula uji wa watu, na mume wako anaingia kaburini peke yake."

Ijumaa asubuhi nilipigwa picha tena, kwa mashine ndogo. Nakiri kwamba niliomba wanikute nimepona. Nilitaka kwenda. Nilitaka kukaa kichwani pa jeneza kama walivyosema, na kama daktari angesema "labda" moja tu ningetia sahihi. Hakusema labda. Damu haikuwa imeongezeka, lakini mpasuko ulikuwa bado wazi. Alinionyesha kioo, nami nilikuwa nimeshajifunza kuutambua ule weusi. Una mtoto, aliniambia. Nikamwambia Shemeji Timothy kwa simu kwamba siendi, na amchukue Neema akamzike baba yake. Akasema, "Sawa, shem."

Jumamosi niliyatazama maziko kwenye simu ya Shiro, aliyokuwa ameielekeza kwangu mpaka mkono wake ukafa ganzi. Picha ilikuwa ikikatika. Nilimwona Neema na gauni lililokuwa kubwa kwake. Kichwani pa jeneza alikaa shangazi yake Wekesa, amevaa leso yangu. Mwendesha shughuli alisema mjane "anasemekana" kuwa hospitali, watu wakageuziana shingo. Mtandao ukakatika kabla hawajaliteremsha jeneza. Shiro hakusema neno la mzaha siku hiyo. Aliniwekea simu chini ya mto.

Nilitoka mvua zikipungua. Majirani walikuja kuniona, na karibu wote walitaka kuona kovu. Wakiambiwa hakuna, waliketi mbali kidogo na mimi. Mtu aliyepasuliwa huheshimiwa, kwa sababu ana cha kuonyesha. Mimi nilikuwa mwanamke mzima asiyebeba mtungi wala kuinua sufuria, mtoto wake anamfulia nguo. Kanisani niliambiwa nijikaze. Ukiwa na ugonjwa kama wangu jitayarishe kwa neno hilo, na usijikaze. Ni mwili wako utakaopasuka, wao wataenda nyumbani.

Baridi ya Julai ndipo nilipopigwa picha tena, kwenye ile mashine kubwa. Safari hii daktari alilazimika kunionyesha palipokuwa na mpasuko, kwa sababu mwenyewe sikuuona. Bandama ilikuwa imejifunga. Nilibeba bahasha kubwa ya picha kwapani, na nilipofika nje nikakaa chini kwenye nyasi nikalia kwa nguvu, kwa mara ya kwanza, tumbo likikaza na kuachia bila maumivu.

Mahindi yalipokauka mashambani nilikwenda Kakamega. Mama mkwe alinipokea kwa mkono, hakunikumbatia. Alinipeleka kaburini, tukasimama, tukarudi. Kisha akaleta kigoda, maji ya sabuni na wembe. Kwao mjane hunyolewa baada ya maziko, na mimi nilikuwa bado nina nywele zangu. Niliketi. Alininyoa taratibu, nywele zikianguka kwenye leso aliyoitandika.

Vidole vyake vilifika juu ya sikio vikasimama.

"Hili kovu ni la siku hiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndilo lilifanya ukapelekwa hospitali."

"Ndiyo. Walikuwa wananishona kichwa, ndipo daktari akagundua tumbo."

Aliendelea kunyoa kidogo. "Na yeye hakutoka damu."

"Hakutoka."

Alimaliza, akasuuza mikono, akaikausha. Aliniomba ile picha, na hakuniambia aliijuaje. Nilikuwa nimekuja na bahasha, nikampa ile ya siku ya kwanza. Aliinyanyua kwenye jua, nikamwonyesha bandama na mpasuko, na ule weusi uliotapakaa kando yake. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Amechinja kuku na mbuzi maisha yake yote.

"Ya Wekesa iko wapi?"

"Hakupigwa, Mama."

Picha ilibaki juu, mikononi mwake. Kupitia kwayo niliuona uso wake ukiwa na kivuli cha mbavu zangu.

"Mimi ndiye nilisema aitwe Rispa."

"Najua."

"Niambie ukweli. Kule kukandwa kulimmaliza?"

Ningeweza kumdanganya, na huenda wewe unayesoma ungemdanganya. Nilisema ninachokijua. "Sijui, Mama. Labda angekufa tu. Lakini daktari alinibonyeza kidogo sana, na hata yeye aliogopa."

Alinirudishia picha, nikaiingiza kwenye bahasha. Mikono yake ilikuwa safi na mikavu. Alishika ncha ya leso yake akaanza kuifuta, kiganja kimoja, kisha cha pili, kisha akarudia cha kwanza, katikati ya vidole, akibonyeza, kama mtu aliyeshika kitu cha mafuta kisichotoka. Niliketi pale kigodani nikiwa na kichwa cheupe, nikimngoja amalize.